Ukitaka kuchagua trekta dogo, anzia nyuma yake

Wakuu, mtu akitaka kununua trekta dogo swali la kwanza ni lile lile, la HP ngapi, yaani nguvu ngapi za farasi? Na wauzaji wanalijua hilo, ndo maana ile namba inabandikwa kubwa pembeni ya boneti, unaisoma ukiwa mbali. Mi nimekaa na haya matrekta madogo muda mrefu, nimelima nayo, nimefyeka nayo, nimelala chini yake na fundi tunatafuta oili inavujia wapi, na kuna kitu natamani kila mnunuzi akijue kabla hajatoa hela yake. Trekta halichaguliwi kuanzia mbele kwenye injini. Linachaguliwa kuanzia nyuma, pale vifaa vinapofungwa, halafu unashuka chini pale tairi linapokutana na udongo, halafu ndo unapanda kwenye injini. HP ni jibu unalolifikia mwishoni baada ya hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu, ntaionyesha hapa hapa.

Tuanze na kazi. Trekta lenyewe halilimi wala halifyeki. Kinacholima ni plau au rotaveta (ile yenye visu vinavyozunguka na kuchanganya udongo), kinachofyeka ni slasha, kinachobeba ni treila au loda, lile beleshi la mbele. Kwa hiyo kabla hujaenda kuangalia trekta lolote, kaa na karatasi uandike kazi za mwaka mzima, zile utakazozifanya kweli, siyo zile unazozifikiria tu kwa vile umeona video. Umefyeka mara ngapi mwaka jana? Eneo lina mteremko? Kuna miti ya kuzunguka? Barabara ya kuingilia inahitaji kusawazishwa kila baada ya mvua? Geti lina upana gani (hili watu wanalisahau, trekta linafika halafu rotaveta haipiti)? Ukimaliza, weka alama kwenye kazi mbili zinazokula masaa mengi kuliko zingine. Hizo mbili ndo zinachagua trekta. Zingine zitafanyika hivyo hivyo, labda polepole kidogo, lakini zitafanyika.

Sasa hiyo HP. Ile namba ya kwenye boneti ni nguvu ya injini yenyewe. Kati ya injini na vifaa vyako nguvu inapita kwenye klachi, gia, beringi, pampu ya haidroliki, na kila mmoja hapo anachukua chake. Nyuma ya trekta kuna shafti fupi lenye meno linalochomoza, wote tunaliita PTO, ndo linalozungusha rotaveta na slasha, na nguvu inayofika pale kwa kawaida ni kama asilimia 80 hadi 90 ya ile ya injini. Yaani trekta lililoandikwa HP 35 linakupa kama 28 mpaka 31 pale unapozihitaji, na likiwa la haidrostatiki, yaani la kuendesha kwa pedali bila kubadilisha gia, linakaa upande wa chini zaidi. Kwenye karatasi ya vipimo namba hii ipo, ila imeandikwa kwa maandishi madogo huko katikati. Itafute hiyo. Ukilinganisha matrekta mawili, linganisha PTO kwa PTO.

Na huu ugomvi wa namba si wa jana. Jimbo la Nebraska kule Marekani lilipitisha sheria mwaka 1919 baada ya wakulima kuuziwa matrekta yasiyofanya kilichoahidiwa, vipimo vikaanza 1920 na mpaka leo vinafanyika, trekta linapimwa nguvu ya PTO, nguvu ya kuvuta, na dizeli linayokula. Ukikuta modeli unayoitaka ina ripoti ya vipimo vya namna hiyo, isome kabla ya brosha.

PTO za matrekta madogo karibu zote zinazunguka mara 540 kwa dakika, hiyo ni mara 9 kwa sekunde moja, na shafti lake lina meno 6 na unene wa milimita 35. Kwenye saa ya mizunguko ya injini kuna alama ya 540, unapandisha mafuta mpaka mshale ufike pale ndo kifaa kinafanya kazi kama kilivyotengenezwa. Watu wanapunguza ili kuokoa dizeli, slasha inaanza kutafuna nyasi badala ya kukata halafu lawama zinaenda kwenye visu.

Sasa hesabu. Kwa rotaveta na slasha kuna kanuni ya mkono ambayo mafundi na waendeshaji wengi wanaitumia, kila futi moja ya upana inataka HP 5 za PTO. Rotaveta ya futi 4, yaani mita 1.2, inataka HP 20 za PTO, kwa hiyo injini ya kama 25. Ya futi 5, mita 1.5, inataka 25 za PTO, injini ya 30 hivi. Udongo wako ni mzito au hujawahi kulimwa, ongeza. Na upana wenyewe hujichagulii tu, rotaveta inatakiwa ifunike nyayo za matairi ya nyuma, la sivyo kila ukipita unaacha alama mbili za udongo ulioshindiliwa ambazo hazijalimwa. Kwa hiyo trekta pana linadai rotaveta pana na rotaveta pana inadai HP. Umeona mnyororo ulivyo, umeanzia nyuma kabisa.

Hapa ndo watu wanasema basi nichukue kubwa nimalize haraka. Twende polepole. Rotaveta ya mita 1.2 kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa inapita mita za mraba 3,600 kwa saa. Toa robo kwa ajili ya kugeuza, kupishana mistari na kusimama kutoa mizizi, zinabaki 2,700. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,050, kwa hiyo ni saa moja na nusu kwa ekari. Ya mita 1.5 kwa hesabu hiyo hiyo inakupa 3,375, ekari inaisha kwa saa moja na dakika 12. Tofauti ni dakika 18. Mwenye ekari 3 anaokoa chini ya saa moja kwa kila kulima, na kwa hiyo chini ya saa moja kuna watu wanapanda ngazi nzima ya trekta, kubwa zaidi, zito zaidi, linalokula zaidi. Mwenye ekari 20 anaokoa masaa 6 kwa kila mzunguko na kama analima mara mbili ni 12, huyo ana sababu. Namba ni zile zile, shamba ndo linabadilisha maana yake.

Mpaka hapo tumeongea vifaa vinavyozungushwa. Plau ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba usome taratibu maana ndo sehemu inayoumiza watu zaidi. Plau haitumii PTO, inavutwa. Na trekta linavuta kwa uzito wake. Kwenye udongo wa shamba trekta linaweza kuvuta kwa nguvu ya kama asilimia 40 ya uzito wake, pakiwa pazuri zaidi ya hapo kidogo, pakiwa na unyevu chini ya hapo. Trekta la kilo 1,000 linavuta kama kilo 400. Sasa jembe moja la plau lenye upana wa sentimita 30 likizama sentimita 20 kwenye udongo wa wastani linadai kama kilo 300 za mvuto, kwenye mfinyanzi mzito linaweza kudai 500 hadi 600. Ukitembea kilomita 5 kwa saa ukivuta hizo kilo 300, nguvu unayotumia kwenye kuvuta ni kama HP 6 tu. Sita! Una injini ya 25 na bado kwenye mfinyanzi umesimama matairi yanazunguka yanachimba shimo, kwa sababu injini ina nguvu ila trekta halina uzito wa kuibana kwenye ardhi. Mtu akiona hivyo anasema HP hazitoshi, anaenda kununua lingine la 35 lenye kilo zile zile na anarudi kwenye shimo lile lile.

Kwa hiyo kwa kazi za kuvuta angalia kilo kabla ya HP. Kuna matrekta mawili yote yanaitwa ya 25, moja lina kilo 700 na lingine 1,200, na hayo ni matrekta mawili tofauti kabisa hata kama injini ni moja. La kilo 700 litakufyekea vizuri na halitashindilia bustani yako, la 1,200 litalima. Hamna aliye bora kati yao mpaka urudi kwenye ile karatasi ya kazi.

Ukitaka kujua kama trekta linakutosha, kuna kipimo kizuri sana na vifaa vyake ni chaki na futi kamba. Chora mstari kwenye tairi la nyuma, pandisha plau, tembea tairi lizunguke mara 10, pima umbali. Halafu shusha plau ulime, hesabu tena mizunguko 10, pima. Mara ya kwanza ulipata mita 36, mara ya pili 31, umepoteza 5 kwenye 36, hiyo ni asilimia 14 ya kuteleza. Kati ya 8 na 15 uko sawa. Ikizidi 20 unachoma dizeli na tairi, ongeza uzito au punguza kina. Uzito unaongezwa kwa vyuma vya kwenye ringi au kwa kujaza maji matairi ya nyuma mpaka kama robo tatu, lita moja kilo moja, na uzuri wake unakaa chini kabisa kwenye tairi, haubani ekseli wala beringi. Sehemu zenye baridi ya kugandisha maji, yanachanganywa na dawa ya kuzuia kuganda.

Fo-wili, yaani mbele nako kunavuta. Kwa trekta dogo mi nasema chukua fo-wili kama uwezo upo, maana trekta jepesi linahitaji kila tairi lisaidie. Lakini kuna faida moja ambayo wauzaji hawaisemi na ndo inayonifanya nisisitize. Matrekta mengi madogo yana breki kwenye matairi ya nyuma peke yake. Sasa umebeba mchanga kwenye loda, uzito wote umeegemea mbele, nyuma pamekuwa pepesi, halafu unashuka mteremko unakanyaga breki. Matairi ya nyuma yanafunga, yanateleza, na trekta linaendelea kushuka. Ukiwa umeingiza fo-wili, matairi ya mbele yameungana na ya nyuma kupitia gia, kwa hiyo breki ya nyuma inashika na mbele pia. Tafadhali, mteremko na mzigo mbele, fo-wili iingie KABLA hujaanza kushuka, na nyuma funga kitu kizito. Ila ukiingia kwenye lami au zege itoe, kwa sababu mbele kumewekewa mwendo wa haraka kidogo kuliko nyuma, kwenye udongo linajirekebisha kwa kuteleza ila kwenye lami linakula matairi na kukaza gia.

Matairi yenyewe nayapita haraka. Yenye meno marefu ya R1 ni ya kulima na tope, ya R3 ni ya nyasi za bustani hayaumizi majani ila kwenye tope hayana kazi, R4 yako katikati, magumu, yanavumilia changarawe na loda. Anayefanya kila kitu kidogo kidogo anaishia R4, anayelima kweli asidanganywe, R1. Na kama unapalilia kati ya mistari, pima umbali wa kati ya matairi ya nyuma, katikati ya tairi hadi katikati ya tairi. Mistari ya sentimita 75 inataka sentimita 150 ili kila tairi lipite kwenye njia yake, na matrekta mengi madogo ni membamba kuliko hapo, mengine yana ringi za kugeuza yakapanuka, mengine hayana. Ulizia kabla, maana baada ya kupanda ndo umechelewa.

Tukirudi nyuma ya trekta. Ile mikono miwili ya chini na ule mmoja wa juu tunaouita toplinki, sa hivi tunaiona ya kawaida kiasi kwamba hatuifikirii, lakini hapo ndo trekta la kisasa lilipozaliwa. Zamani plau ilikuwa inaburutwa kwa mnyororo au kwa chuma kimoja, ikigonga jiwe au kisiki nyuma panakwama, matairi yanaendelea kuzunguka na pua ya trekta inanyanyuka mpaka linamwangukia dereva. Harry Ferguson ndo alikuja na mfumo wa kufunga plau kwenye pointi tatu na kuinyanyua kwa haidroliki, mwaka 1938 akakubaliana na Henry Ford kwa kupeana mkono tu, na 1939 likatoka Ford 9N likiwa nao. Siri yake iko kwenye toplinki, plau ikizama inataka kubinuka kwenda mbele, ule mkono wa juu unaisukuma trekta kwa mbele na pua inabaki chini, tena uzito wa plau na udongo unahamia kwenye matairi ya nyuma. Trekta jepesi likaanza kulima kama zito.

Kwa mnunuzi wa leo maana yake ni mbili. Kwanza daraja la pini, yaani unene wa pini zinazofunga kifaa kwenye ile mikono. Daraja la 0 ni la vitrekta vidogo kabisa, pini ya milimita 16. Daraja la 1, ambalo ndo la matrekta madogo mengi, pini ya juu 19 na za chini 22. Daraja la 2 linaanza 25 na 28 na ni la makubwa. Vifaa vya daraja la 1 viko vingi sana kila mahali, vya 0 ni vya kutafuta, kwa hiyo trekta la daraja la 0 linaweza kuwa bei nzuri halafu ukakosa cha kufunga. Pili ni uwezo wa kunyanyua. Brosha inasema linanyanyua kilo 700, sawa, lakini zimepimwa wapi? Mara nyingi ni kwenye ncha za mikono yenyewe. Uzito wa kifaa chako hauko pale, uko nyuma zaidi, slasha ina urefu, na kila sentimita ya kwenda nyuma inapunguza. Tafuta kipimo cha sentimita 61 nyuma ya ncha, hicho ndo kinakaribia maisha halisi.

Na kuvuta chochote kwa mnyororo, gogo au gari lililokwama, funga CHINI kwenye chuma cha kuvutia, usifunge kwenye toplinki wala kwenye ekseli. Ukifunga juu ya ekseli umerudi enzi za kabla ya Ferguson. Trekta linalonyanyuka pua linaweza kufika pasiporudika ndani ya sekunde moja, mguu wako haujafika kwenye klachi. Ndo maana sikubali trekta lisilo na ule upinde wa chuma nyuma ya kiti, hata liwe zuri vipi, hata liwe bei ya kutupa. Uswidi waliufanya kuwa lazima kwenye matrekta mapya tangu 1959 na vifo vya kupinduka vikashuka kweli kweli. Upinde ukiwa umesimama funga mkanda, ili likipinduka ubaki ndani ya ile nafasi inayolindwa. Ukiulaza ili upite chini ya matawi usifunge, na ukitoka tu kwenye matawi usimamishe.

Sasa PTO tena, maana kuna aina zake na hili lilinikuta mwenyewe. Nilikuwa nafyeka na trekta la zamani, mteremko mdogo unaoishia kwenye mtaro. Nilipoukaribia mtaro nikakanyaga klachi kama siku zote. Trekta halikusimama. Likanisukuma, mita moja, mbili, nikakanyaga breki zote mbili kwa miguu inayotetemeka na likasimama tairi la mbele likiwa limeshaning'inia. Kilichotokea ni hiki, kwenye trekta lile PTO ilikuwa imeungwa moja kwa moja na gia za mwendo, baada ya klachi. Ukikanyaga klachi unaikata injini peke yake, lakini visu vya slasha ni vyuma vizito vinavyozunguka kwa kasi, havisimami mara moja, vinaendelea kuzungusha shafti, shafti linazungusha gia, gia zinazungusha matairi. Slasha ndo ilikuwa inaendesha trekta. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye shafti la PTO, kinaruhusu nguvu iende nyuma na kinazuia isirudi mbele, kama gia ya nyuma ya baiskeli unapoacha kukanyaga pedali. Matrekta mapya mengi yana PTO inayojitegemea, unaiwasha na kuizima kwa swichi au kishikio chake bila kugusa mwendo, na katikati kuna yale ya klachi ya hatua mbili, nusu unakata mwendo, mpaka chini unakata na PTO. Ukinunua la zamani uliza swali hili kwa maneno haya: nikikanyaga klachi, PTO inafanya nini? Asipojua muuzaji, washa ujaribu mwenyewe pakiwa tambarare. Na lile shafti lisizunguke bila kava lake la plastiki, mizunguko 9 kwa sekunde ikishika upindo wa nguo hakuna muda wa kupiga kelele.

Gia. Kuna za kawaida za klachi, kuna za shato ambapo mbele na nyuma unabadilisha kwa kishikio kimoja pembeni ya usukani, na kuna haidrostatiki ambayo unakanyaga pedali tu, mbele au nyuma, kasi inafuata mguu. Kazi yako kubwa ikiwa ni loda au kufyeka kuzunguka miti, unageuza kila sekunde, haidrostatiki itakufanya umalize siku bila kuumwa goti na hutaitamani tena klachi. Ikiwa ni kulima mistari mirefu masaa kwa masaa, gia za kawaida zinapoteza nguvu chache kuliko haidrostatiki, zinakula dizeli pungufu, na fundi yeyote anazifungua. Haidrostatiki inataka oili yake sahihi na filta yake kwa wakati, ukiweka yoyote uliyoikuta unaiua polepole na huioni ikifa. Mi binafsi kwa shamba nachagua shato, kwa eneo la nyumba haidrostatiki, sijawahi kujuta kwa vyote viwili.

Tufanye mfano mmoja mpaka mwisho. Mtu ana ekari 4 za kulima, ekari 2 za nyasi zenye mteremko kiasi, udongo wa wastani, kazi kubwa ni rotaveta na slasha, plau mara moja kwa mwaka. Slasha ya futi 5 inataka HP 25 za PTO, rotaveta ya futi 4 inataka 20, ya futi 5 hahitaji kwa ekari hizo, labda matairi yawe mapana kuliko futi 4, na hapo 25 hizo hizo zinaitosha. Kwa hiyo PTO 25, injini ya 30 hivi. Plau ya jembe moja inadai kilo 300, trekta la kilo 1,000 linaweza ila limebaki na nafasi ndogo, 1,200 ni salama, au 1,000 na maji kwenye matairi. Mteremko unasema fo-wili na upana wa matairi usio mwembamba. Daraja la 1. Shato. Hapo ndo anakwenda dukani na hata wakimwambia kuna ofa ya 45 anajua kwa nini hataki.

Kuna kitu kingine utakikuta ukizunguka, matrekta mengi sana yamebanana kwenye HP 24 na nukta kadhaa. Sababu ni sheria za moshi. Marekani injini za dizeli kuanzia kilowati 19, ambazo ni kama HP 25, zilibanwa zaidi kuanzia 2013, na wengi wakazitimiza kwa kuweka filta ya masizi kwenye ekzosti, ambayo kila baada ya muda inajichoma yenyewe kujisafisha. Chini ya hapo haikulazimika, kwa hiyo viwanda vikakaa chini ya mstari. Filta hiyo si ubaya, ila ukiwa unawasha trekta dakika kumi kumi kisha unazima, inajaa bila kupata nafasi ya kujichoma. Inataka kufanyishwa kazi ya joto. Tena huku kukaa chini ya mstari kumezaa matrekta mazito yenye injini ya 24, ambayo kwa mvutaji wa plau ni habari njema sana.

Ukienda kuangalia lililotumika, fika ghafla na uguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto walishaipasha ili iwake vizuri mbele yako, rudi kesho. Saa inayohesabu masaa ambayo injini imefanya kazi isome lakini isikuendeshe, angalia mpira wa pedali, pini za mikono ya nyuma zimelika kiasi gani, usukani unacheza kiasi gani kabla matairi hayajageuka, na vilinganishe na hiyo saa. Chomoa kipimo cha oili ya gia, ikiwa na rangi ya maziwa maji yameingia. Injini ikiwa inanguruma fungua kifuniko cha kujazia oili, mvuke kidogo sawa, ikipiga moshi kama bomba ringi za pistoni zimechoka. Halafu kabla ya kukubaliana chochote, piga simu kwa wauza spea ukiwa na namba ya chasi, ulizia vitu vinne, filta ya oili, filta ya dizeli, mkanda wa feni, sahani ya klachi. Wakisema vipo, endelea. Wakisema "tutaagiza" kwa vyote vinne, hilo trekta litalala siku nyingi kuliko litakavyofanya kazi, na msimu haukusubiri.

Mwisho funga kifaa kizito kuliko vyote walivyonacho hapo, nyanyua mpaka juu, zima injini, chukua chaki yako ile ile uweke alama pale mikono ilipofika. Kaa pembeni, usisogee chini yake. Ikishuka kidogo kidogo kwa nusu saa ni umri. Ikishuka ukiwa unaiangalia, sili za silinda au vali zimekwisha, na bei bado haijaongelewa.